Mke wa Mtu Aliye Hai

Asubuhi ya kesi Shangazi Rasamalar aliamka kabla yetu sote akakaanga bajia za dengu. Niliingia jikoni na Oviya begani, bado analia usingizi, nikakuta mkebe umejaa hadi juu, naye anazipanga za mwisho kwenye karatasi zichuje mafuta.

"Shangazi, tunakwenda mahakamani, si harusini."

"Kwani mahakamani watu hawali? Hizi za wakili wetu. Na hizi za chini," akagonga mkebe kwa kijiko, "za yule wakili wa serikali."

"Wa serikali! Yule ndiye anayetaka urudishwe!"

"Ametumwa tu, mwanangu. Naye ana mama yake huko anayejiuliza kama amekula."

Mume wangu Nirojan alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kiwanda cha mikate, macho mekundu, unga kwenye nyusi. Akachomoa mbili kabla sijamzuia. "Usimkataze, Tharani. Shangazi, hizo za serikali zitie pilipili ya kutosha. Akizikohoa, hoja zote zitamtoka puani."

Shangazi alicheka, akanawa mikono, akaenda kusimama mbele ya kile kioo kidogo kando ya picha za miungu. Akachovya kidole cha pete kwenye kopo la unga mwekundu, akajitia kidoti katikati ya paji la uso. Halafu akamchukua Oviya, akamtia kidoti cheusi shavuni cha kumkinga na macho ya watu. Kama kila siku, mtoto alinyoosha mkono akamgusa Shangazi pajini, akakitazama kidole chake kilivyokuwa chekundu, akacheka. Kila asubuhi ilikuwa ndiyo salamu yao. Kila asubuhi ilibidi Shangazi ajitie upya.

Mimi sikucheka. Kesi yetu yote ilikuwa kile kidoti.

Mume wa Shangazi, niliyezoea kumwita Mjomba, alikuwa fundi wa matrekta huko Mullaitivu, kisiwani kwetu. Hakuwahi kushika bunduki, ila wapiganaji waliokuwa wakipigana na jeshi la serikali walipoleta jenereta zao alizitengeneza. Nani angewaambia hapana? Vita vilipokwisha, ule mwezi wa Mei, watu walipovuka daraja kwenda upande wa jeshi, vipaza sauti vilitangaza kwamba yeyote aliyewafanyia wapiganaji kazi, hata ya siku moja, ajitokeze mwenyewe, ataulizwa maswali na kurudishwa nyumbani. Shangazi aliamini. Ni yeye aliyemshika mkono mumewe akampeleka kwa askari. Alimpa chupa ya maji. Mjomba akapanda basi, na basi likaondoka.

Alimtafuta kwenye makambi na maofisini. Akasimama kando ya barabara na wanawake wengine, picha ya mumewe kifuani, hadi jioni moja watu wasiovaa sare wakaja kumuuliza kwa nini anaichafua nchi. Wakaja tena. Mara ya mwisho hawakuja kuuliza. Hilo hasimulii, wala mimi siulizi. Aliuza bangili zake za harusi akaja Australia kwa bahari, akaomba viza ya hifadhi.

Sasa, kwetu, mwanamke aliyefiwa na mume hufuta kidoti, na wajane wenzake humvua kidani cha ndoa. Mwenye mume aliye hai huvivaa vyote viwili. Njia ya tatu haipo. Tena mke wa malezi ya zamani hamtaji mumewe kwa jina, maana kumtaja ni kumpunguzia siku za kuishi. Tangu nizaliwe sijamsikia Shangazi akitamka jina la Mjomba. Ni "mjomba wako," au "yeye," au anatazama tu kule iliko picha yake ukutani.

Basi afisa wa viza akamuuliza: umeolewa au ni mjane? Nimeolewa. Mume yuko wapi? Jeshi lilimchukua. Kwa hiyo amekufa? Hapana. Anaishi wapi? Sijui. Anaitwa nani? Shangazi akaomba kalamu aliandike jina.

Afisa wa mapitio, aliyelipitia faili baadaye, aliandika kwamba mwombaji huyu amevaa alama za mke ambaye mumewe yu hai, amesita hata kumtaja, na hajawahi kuandikisha kifo chake, ingawa familia nyingine zimeandikisha vifo vya watu wao. Kwa hiyo haaminiki. Mume hakupotea, yuko mahali, na mkewe anapajua. Na kama mume hakupotea, basi hakukuwa na kusimama barabarani, wala watu wa jioni. Ukilitoa tofali la chini ukuta wote unalala. Viza ikakataliwa, tukakata rufaa mahakamani, tukangoja. Wakati huo hata Nirojan nilikuwa simjui. Rufaa ilingoja nikaolewa, ikangoja nikazaa.

Baba yangu, ndugu yake Shangazi, alifariki humu humu Dandenong, mji tunaoishi. Mama alimtangulia. Nikienda darasa la jioni, Shangazi ndiye anayebaki na Oviya; nikifaulu mtihani, ndiye anayekwenda kuwatangazia majirani. Nikisema "nyumbani" namaanisha yeye. Ndiyo maana siku chache kabla ya kesi nilimwambia Wakili Corrigan, yule mama anayetutetea bila malipo, kwamba nitamshawishi afute kidoti, aje na sari nyeupe, jaji amwone mjane.

Corrigan alinitazama kwa huruma. "Tharani, hata akija amenyoa kichwa haisaidii. Jaji hatazami kama anasema kweli. Anatazama kama yule afisa alivunja sheria alipoamua. Hilo tu."

Nilipomfikishia Shangazi maneno hayo, aliendelea kukuna nazi. Baadaye akauliza, "Sasa kama hatazami kama nasema kweli, tunakwenda kumwonyesha nini?"

Nikamwambia tunakwenda kumwonyesha kosa la afisa. Nilisema kwa sauti ya kujiamini. Nilijiamini kweli. Kosa lenyewe lilikuwa wazi hivyo, mtu yeyote mwenye mama angeliona.

Treni ilijaa watu wa kazini. Kijana mmoja alimpisha Shangazi kiti, naye akampa bajia. Sijui yule kijana alifika ofisini kwake na harufu gani. Mahakamani tulipitisha kigari cha Oviya kwenye mashine, na mkebe pia, mlinzi akaufungua, akaunusa, akaufunga kwa heshima.

Ukutani kulikuwa na kioo cha kompyuta chenye orodha ya kesi za siku hiyo. Nilitafuta jina la Shangazi, nikakumbuka kwamba halipo. Waombaji wa hifadhi hawaandikwi majina, wasije wakajulikana kwao. Wanapewa herufi na namba.

"Mimi ni ipi?" aliuliza.

Nikamwonyesha: herufi tatu na namba kumi na tisa.

Aliisoma taratibu. "Ee, wamenipa namba ya gari." Akasogea karibu zaidi na kioo, akaizingatia. "Mjomba wako amebaki jina bila mwili. Mimi nimebaki mwili bila jina. Tungeunganishwa tungepata mtu mmoja kamili."

Corrigan alikuja akikimbia na mafaili, koti limekaa upande. Shangazi alimweka sawa kola kama mtoto anayekwenda shule.

Jaji alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Alimwamkia Shangazi kupitia kwa mkalimani, akauliza kama kiti kinamfaa, akasema mtoto akilia tusione haya. Nikamshukuru Mungu moyoni. Nilisema, huyu ni mtu. Huyu ataona.

Corrigan alizungumza vizuri. Alisema afisa hakuuliza hata swali moja juu ya wake wa waliopotea na jinsi wanavyoishi. Alisoma habari ya kidoti kwenye faili, akaruka moja kwa moja hadi kwenye uongo. Alisema mwanamke huyu hakukataa kusema kweli, bali alikataa kumwua mumewe kwa mdomo wake mwenyewe ili apate karatasi. Na hoja ya namna hiyo, alisema, haina mantiki, na uamuzi usio na mantiki hausimami kisheria.

Kisha akasimama yule wa serikali. Kijana, masikio mekundu, pete mpya kidoleni. Hakumtukana Shangazi hata kidogo. Alisema tu kwamba afisa alikuwa na mambo kadhaa mbele yake, akayapima. Mwingine angeyapima vingine. Kutofautiana si kuvunja sheria. Alimaliza upesi. Jaji akasema atasoma uamuzi baada ya chakula cha mchana.

Kule nje kwenye korido Shangazi alifungua mkebe. Corrigan alikula tatu amesimama. Yule kijana wa serikali alikuwa ameketi peke yake benchi la pili, anasoma simu. Kabla sijamshika, Shangazi ameshafika mbele yake na mkebe wazi.

"Mwambie ale," akanigeukia. "Mwambie hazina sumu, sumu imetuishia."

Nilimwambia ale, la sumu sikumfikishia. Alimtazama Corrigan kana kwamba anaomba ruhusa. Corrigan akainua mabega. Kijana akachukua moja, akang'ata, akafumba macho kidogo. "Asante," alisema. "Mama wa mke wangu hupika kitu kama hiki."

"Amesema nini?" Shangazi alitaka kujua.

"Anasema mama mkwe wake hupika kama hizi."

"Ahaa! Kwa hiyo ameoa kwetu?"

"Sijui, Shangazi. Siwezi kumuuliza."

"Muulize! Kama ameoa kwetu, basi anajua kidoti ni nini. Amrudie jaji amwambie."

Sikumuuliza. Lakini nami moyo ulianza kupanda. Nilijiambia kwamba mtu hawezi kula mkononi mwa mtu, halafu baadaye akamfukuza. Shangazi alirudi kuketi, akanipokea Oviya, akamwimbia ule wimbo wa kunguru na bakuli la wali. Nilimwona ana raha. Alianza hata kuhesabu mipango: nikihitimu tutahama tupate nyumba yenye kiwanja, apande mboga za mnavu na mchunga, Oviya awe na mbuzi.

"Australia hawafugi mbuzi mjini, Shangazi."

"Basi kuku. Usinipunguzie zaidi ya hapo."

Tuliitwa. Jaji alisoma kwa muda mrefu, na mkalimani alimfuata chini chini sikioni mwa Shangazi. Mimi nilikuwa nyuma na mtoto. Nilisikia Kiingereza mwenyewe, na kwa mara ya kwanza nilijuta kwamba nimesoma. Jaji alisema anatambua kwamba kwa jamii ya mwombaji alama hizi zinaweza kuwa na maana ambayo afisa hakuifikiria. Nikakaza mikono kwenye kigari. Alisema, kama angeketi yeye mahali pa afisa, huenda angeona vingine. Nikamtazama Corrigan, alikuwa ameinamisha kichwa, na hapo nikajua. Jaji akasema hakuwa yeye aliyeketi pale. Mahakama hii haiamui nani anasema kweli. Njia aliyopita afisa ilikuwa wazi kisheria kwake kuipita, hata kama si kila mtu angeipita. Rufaa imetupwa.

Alisema pole. Alilisema lile neno akimtazama Shangazi usoni, na nadhani lilimtoka moyoni. Bora angefoka.

Yule kijana alikuwa anakusanya karatasi zake. Kwenye jalada la juu palikuwa na alama ya mafuta ya kidole gumba. Aliigundua, akajaribu kuifuta kwa mkono wa shati, ikatanda. Akatoka bila kututazama.

"Amesema mimi ni mwongo?" Shangazi aliuliza kule nje.

"Hapana, Shangazi. Hakusema hivyo."

"Amesema mimi ni mkweli?"

"Hapana."

"Sasa amesema nini saa nzima ile?"

Corrigan alituketisha, akaeleza taratibu, akinipa nafasi nitafsiri. Kuna mahakama nyingine juu ya hii, lakini haoni mlango. Hataki kutuuzia matumaini hewa. Barua ya kumtaka Shangazi ajiandae kuondoka itakuja. Kilichobaki ni kumwomba waziri mwenyewe aingilie kati, naye halazimiki hata kufungua bahasha. Akifungua, atataka kuona kitu kipya, kitu ambacho afisa hakuwa nacho.

"Kitu kama nini?" niliuliza.

Corrigan alifunga faili. "Kama cheti cha kifo."

Hilo sikulitafsiri pale. Nilingoja hadi tuko kwenye treni, Oviya amelala, viwanja vya kuegesha magari vikipita dirishani. Shangazi alisikiliza akishika mkebe magotini. Tulipofika Dandenong aliniuliza tu kama nyumbani kuna maziwa.

Nilimpigia simu shemeji yake wa Mullaitivu siku ile ile. Nilikuwa na nguvu za ajabu, kama mtu anayetoa maji kwenye mtumbwi. Shemeji alisema cheti kinawezekana, wengine wamefanya, mke ajaze fomu na kutia sahihi, mengine atayahangaikia yeye. Akaituma fomu kwenye simu, Nirojan akaenda kuichapisha maktabani. Ilikaa juu ya jokofu. Shangazi aliipita akienda kutia kidoti, akaipita akirudi. Nami sikumsukuma, ingawa barua ya kuondoka ilikuwa imeshafika na nimeificha kabatini chini ya nepi.

Jumapili, mchana kweupe, Nirojan amempeleka Oviya kwenye bembea, Shangazi aliichukua ile fomu mwenyewe, akaiweka mezani mbele yangu pamoja na kalamu.

"Wewe una mwandiko wa shule. Andika."

Nikaandika jina lake, anwani, uhusiano na marehemu. Kisha nikafika kwenye jina kamili la marehemu. Nililijua, nilikuwa nimelisoma mara nyingi kwenye uamuzi. Lakini nilingoja, na kalamu nikampa, nikidhani ataliandika kama alivyomwandikia yule afisa wa viza.

Aliirudisha kalamu. "Thavaseelan," alisema.

Alilitamka polepole, kama mtu anayeonja chakula asichojua kama kimeharibika. Miaka yote hiyo. Nikasikia kwamba lilikuwa jina zuri.

"Thavaseelan, mwana wa Ponnaiah. Andika, mwanangu, mbona unanitazama?"

Niliandika. Machozi yalidondokea meza, si karatasi. Niliikinga kwa kiganja. Kikafuata kisanduku cha tarehe ya kifo.

"Hapa tuandike ile siku ya Mei," nilisema haraka. "Siku ya daraja. Ndivyo wanavyoandika wote, Shangazi. Na cheti kikiwa na tarehe hiyo, waziri ataona kwamba ulisema kweli tangu mwanzo."

"Siku ile alikuwa hai."

"Najua, lakini..."

"Nilimpa maji, akanywa. Akaniambia nisisimame juani. Mtu aliyekufa husema hayo? Nikiandika siku ile, kila mwaka nitampikia wali wa marehemu siku aliyokunywa maji mkononi mwangu."

"Basi siku yoyote ya mwaka ule. Chagua tu. Nakuomba."

"Nichague?" Aliniangalia bila hasira. "Unataka nichague siku ya kumwua, kama anayechagua siku ya harusi?"

Nilitaka abaki, nilitaka hilo tu duniani, na nilikuwa tayari kumwua Mjomba kwa tarehe yoyote ile. Naye alilijua.

Akaweka kidole chake kwenye kile kisanduku. "Andika siku ile ya mahakama."

"Shangazi..."

"Asubuhi ile alikuwa hai. Nilijitia kidoti chake. Nikaingia mle ndani mke wa mtu. Yule mama akasoma, akasoma, na alipomaliza nikatafuta ndani yangu, sikumwona tena. Ndiyo siku aliyokufa; kidoti cha siku hizi ni mazoea tu. Nyingine siijui."

"Wakiiona tarehe hiyo watasema ni upuuzi. Haitatusaidia kitu. Watasema..."

"Watasema nini ambacho hawajasema?"

Nikaandika. Niliiandika kwa namba safi, moja moja, kama tunavyofundishwa darasani, ile tarehe iliyoifanya karatasi yote kuwa ya kufungia karanga. Shangazi akatia sahihi. Akaenda kwenye sinki akanawa uso kwa sabuni, akajikausha kwa kitambaa cha vyombo. Palipokuwa na kidoti pamebaki alama iliyopauka, ngozi iliyokuwa haijaona jua.

Mkono wake ukaenda kwenye kidani cha ndoa, ukaishia hapo. Niliinuka nimsaidie.

"Usiniguse!" alisema, akarudi nyuma hatua. Kisha kwa upole, "Wewe una mume, mwanangu. Si kazi ya mwenye mume. Nenda kamwite Mama Pushpam wa kule kona. Yeye ni mjane, anajua pa kushika."

Nilikuwa navaa viatu mlango ulipofunguliwa. Nirojan aliingia akicheka juu ya kitu cha kwenye bembea, akaona nyuso zetu, akaacha kucheka. Oviya alikuwa ameshanyoosha mikono kwa Shangazi, ananung'unika apokewe. Shangazi akampokea.

Mtoto akapeleka kidole pajini, pale pale pake pa kila siku. Akakitazama kidole. Akakipeleka tena, akabonyeza, akakitazama.